Kilo Sabini za Mchanga

Maabara ya Mitambo
3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na Shangazi, pamoja na Mjomba Kobe na usukani wake. Mimi sijambo, ila macho yamechoka kwa kutazama kompyuta.

Sanduku limefika? Ndani yake kuna kompyuta ndogo ya kufunga chini ya kiti cha dereva, waya zilizoandikwa namba, na kadi ya kumbukumbu ndogo kama kucha. Mafundi waliokuja kwenu mwezi uliopita walikwisha kufunga silinda mbili za mafuta kando ya springi za nyuma, na vipimo vinne chini ya miguu ya machela. Yaliyobaki ni yako, maana wewe ndiye mkuu wa karakana ya hospitali, na ndiye uliyewang'ang'ania mpaka gari lile kuukuu la wagonjwa likaachwa kwa majaribio badala ya kuuzwa chuma chakavu.

Nilipokueleza kanuni yangu kwa simu ulisema naongea kama redio yenye betri mbovu. Acha nijaribu kwa maandishi. Springi na shokomzoba husubiri gari lirushwe, ndipo zifanye kazi. Silinda haisubiri. Nimechora mstari ndani ya hesabu, na gari likiwa juu ya mstari huo maana yake kila mrusho unakufa na gari linarudi kwenye utulivu wake. Likitoka upande huu, silinda inalisukuma kwa nguvu zote. Likivuka upande wa pili, inalivuta kwa nguvu zote. Basi linabaki hapo hapo, linateleza juu ya mstari mpaka litulie. Na uzuri wake, Baba, kanuni haihitaji kujua shimo lina kina gani wala mgonjwa ana uzito gani. Awe mtoto, awe pandikizi la mtu, haiulizi.

Naomba Mjomba Kobe aliendeshe kutoka hapo mpaka Hospitali Kuu, zile kilomita arobaini zote, pamoja na daraja la mawe. Juu ya machela weka mifuko ya mchanga, jumla kilo sabini, uifunge mikanda kama mtu. Mtu halisi asilale. Narudia, Baba, maana nakujua. Ukimaliza, nitumie kadi ndani ya bahasha, mtandao wa huko hauwezi kubeba kumbukumbu zote hizo. Nyingine tupu nimekuwekea.

Tarehe 20 Juni nitasimama mbele ya jopo. Wakiridhika, magari sita mapya ya wagonjwa yatafungwa mtambo huu. Wasiporidhika, nafasi yangu hapa imekwisha.

Wako mtiifu,
Spana

---

Karakana ya Hospitali
16 Machi

Spana wangu,

Marahaba, mama. Sanduku limefika, na hakuna waya uliokatika. Nimeunganisha kila kitu siku mbili, na siku ya pili niliitumia kutafuta nati moja iliyoniangukia. Ulipokuwa na miaka saba ungeniokotea kabla haijagusa sakafu. Ndiyo sababu jina hilo nilikupa mimi, ingawa mama yako, Mungu amrehemu, alisema si jina la mtoto wa kike.

Safari tumefanya jana. Kobe ameendesha kwa mwendo ule ule uliompa jina. Mchanga nimeupima mwenyewe kwenye mizani ya ghala, kilo sabini kamili, nimeufunga mikanda mitatu na Kobe akauuliza unaumwa wapi, kama anavyowauliza wagonjwa wote kabla hajawasha gari. Haukujibu. Mimi nilikaa kiti cha muuguzi, na sakafuni karibu na machela nikaweka bilauri ya maji iliyojaa mpaka mdomoni. Unakijua kipimo changu. Miaka ishirini na sita nimetengeneza magari ya wagonjwa kwa bilauri hiyo.

Nisikusifu sana, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini daraja la mawe tumelivuka na maji yaliyomwagika hayajazi kijiko. Nilitazama nje kuhakikisha kama kweli tuko darajani. Kobe aliinua macho akaniangalia kwenye kioo, hakusema kitu, na wewe unajua Kobe hukaa kimya mara mbili tu kwa mwaka.

Sasa kasoro. Maji hayakumwagika, ila uso wake ulikuwa umekunjamana muda wote, mikunjo midogo midogo isiyokoma, hata pale lami ilipo nzuri. Nilipoweka kiganja kwenye fremu ya machela nikahisi kama kuna nyuki ndani ya debe. Gari lako halirushi, lakini linanung'unika. Angalia hilo.

Kadi iko ndani ya karatasi ya sigara ya Kobe. Usijali, aliivuta kwanza.

Baba yako,
Fundi

---

Maabara ya Mitambo
28 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimeruka ruka ofisini mpaka jirani akagonga ukuta. Mrusho umepungua kwa theluthi mbili! Msimamizi wangu, ambaye hacheki hata akitekenywa, alisema, "Hii sasa ni kazi."

Nyuki wako nimewaona. Wapo, na nilijua watakuwepo. Mtambo unasukuma, gari linavuka mstari kidogo, unavuta, linavuka tena, mara mia mbili kwa sekunde moja. Hivyo linatetemeka. Dawa yake inajulikana: unalegeza nguvu pale karibu na mstari, badala ya kusukuma kwa nguvu zote au kuvuta kwa nguvu zote. Lakini ukilegeza, mstari haushikwi barabara, na jopo linataka ushikwe barabara. Kwa namba, mtetemo huo ni mdogo mno, uko chini kabisa ya kiwango kinachoruhusiwa. Haidhuru.

Tafadhali fanyeni safari nyingine mbili, kwa mchanga ule ule.

Nimekupigia mara tatu, simu haiiti. Kuna nini?

Wako,
Spana

---

Karakana ya Hospitali
13 Aprili

Spana wangu,

Marahaba. Simu iliniponyoka ikaingia kwenye pipa la oili chafu. Nimeiopoa, imekuwa nyeusi na imenyamaza. Usinitumie nyingine. Kwenye simu unanikimbiza, kwenye barua unakaa unanisikiliza.

Safari ya pili tumefanya. Hospitali Kuu tulikuwa na shughuli zetu huko, kwa hiyo imeangukia pazuri, na huenda tukawa tunakwenda kila baada ya wiki mbili, tatu. Daraja la mawe limepita kama mara ya kwanza. Sina neno na daraja.

Nina neno na nyuki. Umesema ni wadogo na hawadhuru. Mwanangu, mrusho mmoja mkubwa mtu anaukunjia uso, anasema "aa," umepita. Mtetemo huu haupiti. Unaingia kwenye mkanda, kwenye mgongo, kwenye jino. Mtu mwenye mfupa mzima hatauona. Lakini mtu mwenye mfupa mzima anafanya nini juu ya machela? Mchanga hausemi, basi nasema kwa niaba yake.

Nitakwambia nilivyoielewa kanuni yako, unisahihishe. Gari likielekea kushoto unalipiga kofi la kushoto, likielekea kulia unalipiga la kulia, na makofi yote yana nguvu moja, hata kosa likiwa dogo kama unywele. Litanyooka, sikatai. Lakini litanyooka likitetemeka, kama mtoto yeyote angefanya.

Unakumbuka sheria ya nyumba yetu? Saa moja jioni mlango unafungwa. Ulinichukia kwa sheria hiyo, nadhani bado. Lakini uliwahi kufika saa moja na dakika tano, saa moja na kumi, ukausukuma mlango ukafunguka. Nilikuwa nimeufunga, komeo sijalitia. Komeo nililitia saa moja na robo. Hukuwahi kuniuliza kwa nini, ukadhani nasahau. Miaka kumi na miwili mfululizo, mtu atasahau kila siku?

Hiyo robo saa itie kwenye kanuni yako.

Baba yako,
Fundi

---

Maabara ya Mitambo
25 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Nimesoma barua yako mara mbili na nimeiona nzuri, na sitaifuata. Nisamehe. Zimebaki wiki nane. Nikilegeza kanuni sasa, lazima nithibitishe upya kila kitu, na michoro yote itaonekana kama ya mwanafunzi aliyeogopa kazi yake. Mambo haya hayapimwi kwa kiganja wala kwa bilauri, Baba. Yanapimwa kwa namba, na namba zinasema mtetemo hauna madhara. Wewe ni fundi wa springi, na hakuna anayekushinda hapo. Hii si springi.

Jambo jingine. Mifuko yako inavuja. Safari ya kwanza vipimo vya machela vilisoma kilo sabini, safari ya pili sitini na sita. Kanuni haijali, na ndiyo maana safu hiyo ya saba ya kumbukumbu, ile ya uzito, siiangalii kwa kawaida, nimeigusa kwa bahati tu. Lakini jopo wakiona watasema hatuko makini. Naomba uishone upya kabla ya safari ya tatu.

Shangazi hajambo? Mbona haandiki?

Spana

---

Karakana ya Hospitali
7 Mei

Spana,

Marahaba.

Safari ya tatu hii hapa ndani ya bahasha.

Mifuko nimeiangalia. Ni kweli inavuja. Ni mifuko ya zamani, imebebeshwa mengi, na mshono umechoka. Nimejitahidi kuiziba na wapo wengine wanaojitahidi pamoja nami, lakini usishangae ukikuta imepungua tena. Ukiulizwa na hao wakubwa, waambie fundi wako amezeeka.

Kuhusu nyuki, nimesema, na asiyesikia la mkuu unajua mwisho wake, sina haja ya kuumalizia. Kazi ni yako. Ifanye unavyoona.

Shangazi hajambo. Anasema ataandika.

Mwandiko usikushangaze, nimeandikia magotini.

Baba yako

---

Maabara ya Mitambo
18 Mei

Baba,

Leo sikusalimu kwanza. Nikikusalimu kwanza utanijibu "marahaba" na kunitania, na tutapita pembeni kama tulivyopita miezi yote hii.

Barua yako ya mwisho niliisoma tena na tena. Haikuwa na mzaha hata mmoja. Nikasema, basi, nimwonyeshe mzee kwa namba kwamba nyuki wake hawaumi mtu, tuyamalize. Nikafungua kadi ya tatu. Huwa napitisha kumbukumbu kwenye chujio linaloondoa miendo yote ya polepole, ya vilima na kona, maana kanuni yangu haina kazi nayo. Safari hii nililiondoa, nione kila kitu kama kilivyo.

Dakika ya kumi na mbili mlisimama. Nadhani ni pale kwenye kizuizi cha reli. Injini ilizimwa. Silinda zikalala, nyuki wakanyamaza, mistari yote ikawa imenyooka. Wa machela tu haukunyooka. Ulikuwa unapanda na kushuka, taratibu, mara ishirini na mbili kwa dakika.

Nilidhani ni kosa la waya. Nikatafuta kosa hilo asubuhi nzima. Kisha nikafika mahali palipokuwa na mishtuko minne mifupi mfululizo, ukimya, halafu mmoja. Nikajikuta nimeshika kifua changu mwenyewe, maana kikohozi hicho nimekisikia nikiwa mtoto, nyuma ya ukuta, kila asubuhi ulipokuwa unavaa viatu.

Mchanga haupumui, Baba.

Nikarudi kwenye safu ya saba. Sabini. Sitini na sita. Sitini na moja. Na mimi nilikuandikia uishone mifuko. Nilikuandikia hivyo kwa mkono huu, nikaibandika bahasha nikaenda kula.

Niambie una nini. Niambie kwa jina lake. Mficha maradhi kilio humfichua, na maneno hayo nimefundishwa na wewe, ulipokuwa unamgombeza Mjomba Kobe kwa jino lake bovu. Mlinificha wote watatu. Shangazi naye!

Na nilijenga mtambo usiouliza aliyelala juu yake ni nani. Nikajisifia hilo. Ungeisha mpaka ukawa kilo kumi, kanuni yangu ingekubeba vile vile bila kutikisa nyusi.

Ndani ya bahasha kuna kadi yenye alama nyekundu. Ni kanuni mpya. Mwambie Mjomba Kobe azime kila kitu, atoe ya zamani, aweke hii, ahesabu mpaka thelathini, ndipo awashe. Nimelegeza nguvu kandokando ya mstari. Gari likikosea kidogo litasukumwa kidogo, likikosea sana litasukumwa sana. Upana wa sehemu hiyo ya kulegeza lazima uwe na jina ndani ya programu, nami nimeuita robo saa.

Msimamizi yuko safarini mpaka mwisho wa mwezi, na bila saini yake nikitoka hapa sirudi. Asaini, asisaini, tarehe 2 Juni naondoka. Nisubiri. Hilo silo ombi.

Shikamoo, Baba.

Spana

---

Wodi Namba Nne, Hospitali Kuu
28 Mei

Spana wangu,

Marahaba. Nimeipokea ingawa umeiweka mlangoni kama viatu.

Anayeandika ni Kobe, mimi nasema. Vidole havitaki kalamu. Nimemwambia aandike ninachosema na asiongeze chake.

(Hujambo mwanangu. Siongezi kitu. Kobe.)

Umetaka jina lake. Ni uvimbe kwenye uti wa mgongo, chini, pale unapokunjia ukiinua gurudumu. Niliambiwa mwezi wa pili mwishoni, wiki moja kabla ya sanduku lako. Wananichoma kwa miale kila baada ya wiki mbili, tatu. Safari ya kwanza niliweka mchanga kweli, naapa. Ya pili nilikuwa na miadi, na gari la majaribio lilikuwa linakwenda huko huko, na basi la abiria sikuliweza tena. Kobe alikataa. Nikamwambia, ama unanibeba juu ya kazi ya mwanangu, ama naenda kwa miguu. Akashusha mifuko.

(Nilikataa kwa saa nzima. Na hilo naliandika.)

Sikukwambia kwa sababu ungerudi. Ungekaa na mimi, ungenipikia uji mbaya, na nafasi yako angepewa mtu mwingine, na magari sita yangefungwa springi za kawaida. Nilihesabu hivyo. Sijui kama nilihesabu vizuri. Siku zingine nikiwa nimelala hapa naona nilikosea, kwamba nimekunyima kitu kilichokuwa chako. Naomba unisamehe kwa hilo la pili. La kwanza, la kutaka umalize kazi yako, siombi msamaha.

Na usijitese kwa habari ya mifuko. Kobe aliponisomea tulicheka mpaka muuguzi akaja. Ni kweli ilikuwa inavuja.

Sasa taarifa ya kazi. Jana wamenileta kwa kadi yenye alama nyekundu. Kobe alihesabu mpaka thelathini kwa sauti, kama mtoto wa shule. Bilauri niliiweka, lakini sitakwambia ilikuwaje, kwa sababu sikuiona. Nililala, mama. Nakumbuka kizuizi cha reli, na kilichofuata nakumbuka dari ya hospitali. Nilimuuliza Kobe mbona tumepita njia nyingine. Akasema tumepita daraja la mawe kama kawaida. Tangu mwezi wa pili sijalala bila sindano.

Nyuki wameondoka. Umefanya kazi ya kifundi. Ninasema hivyo na nina akili zangu.

(Ni kweli alilala. Alikoroma.)

Tarehe 2 uondoke. Nitakusubiri, na komeo sitalitia.

Baba yako,
Fundi

---

Maabara ya Mitambo
11 Julai

Mjomba Kobe,

Shikamoo. Nilifika salama, nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Nakushukuru kwa kunisindikiza mpaka kituoni na kwa kutosema kitu njia nzima. Hiyo ilikuwa mara ya tatu mwaka huu, umezidisha moja, baada ya ile ya darajani na ile ya makaburini.

Nakushukuru pia kwa zile siku tisa za mwisho za Baba. Wewe ndiye uliyemgeuza, uliyemnyoa, uliyebishana naye kuhusu breki za gari la mwaka ambao mimi sijazaliwa. Siku ya saba aliniambia niende nikatazame kama nati za silinda zimekazwa. Nilikasirika, nikaona ananifukuza ili asilie mbele yangu. Nilikwenda. Moja ilikuwa imelegea. Niliporudi nikamwambia, akafumba macho na kutabasamu, na sikuwahi kumwona ametosheka hivyo.

Jopo walisogeza siku kwa ajili yangu mpaka tarehe 8. Wamekubali. Magari sita.

Nina jambo la kukuungamia. Barua ile mliyoandika wodini, aliposema alilala mpaka akavuka daraja, sikuiamini. Mtu aliyenidanganya kwa mchanga, nilisema, atashindwa kunidanganya kwa usingizi? Nilidhani ananipa zawadi nisijilaumu. Na wewe, nisamehe, nilidhani umemsaidia kwa hilo la kukoroma. Sikumuuliza siku zote tisa, kwa kuogopa atakavyonijibu.

Kadi yenye alama nyekundu, iliyohifadhi pia kumbukumbu za safari ile, nilirudi nayo mfukoni. Nimeifungua juzi, baada ya jopo, nilipokuwa peke yangu. Sikuweka chujio.

Kizuizi cha reli mmesimama, na yeye anapumua mara ishirini na mbili kwa dakika, juu juu, kama mtu anayejihami. Mnaondoka. Dakika ya ishirini na tatu pumzi inaanza kurefuka. Kumi na tisa. Kumi na sita. Dakika ya ishirini na nane ni kumi na tatu, za chini, zimepangana. Dakika ya thelathini na moja magurudumu yanaingia kwenye daraja la mawe. Naona kila jiwe, Mjomba, naona silinda zinavyohangaika chini yake. Na juu, kwenye machela, kumi na tatu. Hazikukatika. Nimelia kwa sauti, na jirani hakugonga ukuta.

Kwenye jopo mzee mmoja aliuliza swali ambalo nililijua litakuja. Alisema, "Programu yako inaanza kwa kumpima mgonjwa uzito kabla gari halijaondoka. Lakini kanuni yako haitumii uzito popote. Kwa nini unapima kitu usichokihitaji?" Msimamizi wangu alinitazama, maana alikwisha kuniambia niondoe sehemu hiyo. Nilijibu kwamba kanuni haiuhitaji, dereva anauhitaji. Akaandika kitu kwenye karatasi yake akafungua ukurasa mwingine.

Gari la kwanza kati ya yale sita litakuja kwenu, na wameandika jina lako kuwa dereva wake. Nakuomba hivi. Ukishampakia mgonjwa na kumfunga mikanda, gari litakaa sekunde kumi bila kuwaka. Halijaharibika, linampima, na kwenye kioo kidogo karibu na usukani utaona namba. Mtambo hautafanya lolote kwa namba hiyo. Namba zilizotangulia za mtu huyo huyo zitakuwa chini yake, kama amewahi kupanda. Zisome zote. Ukiona zinashuka, usiondoke kwanza. Geuka nyuma umuulize anaumwa wapi, kama ulivyouuliza ule mchanga, na usikubali akikwambia hajambo.

Kwa majaribio nililazimika kuandika uzito mmoja wa kuanzia, wa mgonjwa wa kwanza kabisa. Wenzangu huandika sabini. Mimi nimeandika hamsini na saba, ile iliyosomwa siku aliyolala.

Msalimie Shangazi. Mwambie jioni afunge mlango, ila komeo aliache mpaka robo.

Mwanao,
Spana